TUJIFUNZE KUONA NDANI YA MATANGI NA MABOMBA YETU

Katika kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, tulisimama hivi karibuni mbele ya kinu kidogo cha kukamua alizeti. Mashine ilikuwa imezimwa. Mafuta yaliyokamuliwa yalikuwa yamewekwa katika tangi refu ili yatuame, na wanunuzi walikwisha kupanga madumu yao ukutani. Fundi alichukua ufito, akauzamisha ndani ya tangi, akautoa, akautazama, akaunusa, kisha akatikisa kichwa. Hakuwa na hakika. Hakujua mashapo yamefika kimo gani, wala kama yako maji chini ya mafuta, wala kama koki ya katikati ingetoa mafuta safi au tope. Mwishowe akafungua koki kwa kubahatisha. Madumu mawili ya kwanza yalitoka machafu, yakarudishwa tangini, na tangi lote likavurugika. Wanunuzi wakaambiwa warudi kesho.

Hatumlaumu fundi yule. Alifanya kazi yake kwa uangalifu na kwa uzoefu wa miaka mingi. Lakini tuliondoka Mandewa tukiwa na swali ambalo leo tunapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu wa Visiwani na mbele ya viongozi wa Serikali zetu mbili. Je, ni lini sisi tutajifunza kuona kilichomo ndani ya vyombo vyetu bila kuvifungua, na bila kusubiri mgeni atuambie ameona nini?

Pengine msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia atauliza tangi la alizeti la Singida linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu nyingi. Ya kwanza imo jikoni mwake, kwa maana mafuta ya alizeti yanayokamuliwa katika mikoa ya kati ya nchi hii huvuka bahari na kufika sokoni kwake, na uchafu wa tangi la Mandewa unaweza kuishia katika kikaango cha Chake Chake. Ya pili imo shambani mwake. Pale Wawi, Pemba, kipo kiwanda cha kukamulia mafuta ya makonyo ya karafuu. Mvuke hupitishwa katika makonyo, ukapozwa, na mafuta pamoja na maji vikakusanyika katika chombo kimoja. Mafuta ya alizeti huelea juu ya maji. Mafuta ya makonyo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama chini yake. Fundi wa Mandewa na fundi wa Wawi wana kitendawili kimoja kilichogeuzwa juu chini: mpaka wa mafuta na maji uko wapi?

Sababu ya tatu ni kubwa zaidi. Gesi asilia ya kwanza kutumika nchini kwa wingi ilitoka kisiwani. Iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na ilipofika mwaka 2004 ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba linalopita kilomita 25 chini ya bahari na kilomita 207 nchi kavu. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba jingine, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Nayo Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016, na mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ikatia saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwananchi wa Visiwani, kwa hiyo, si mtazamaji katika habari ya mabomba. Yeye ni mwenye mali, au anatazamiwa kuwa mwenye mali.

Tena mwananchi huyo anaijua gharama ya kutegemea chombo ambacho hali yake ya ndani haionekani. Mwezi Mei 2008 umeme unaotoka Tanzania Bara ulikatika Unguja, na kisiwa kikakaa gizani kwa karibu mwezi mmoja. Ukakatika tena Desemba 2009, na safari hiyo giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, hoteli zikawasha jenereta kwa gharama kubwa, na watoto wakasoma kwa vibatari. Waya wa umeme si bomba la mafuta, hilo tunalijua. Lakini somo lake ni hilo hilo: hitilafu huzaliwa mahali ambapo jicho halifiki, hukua kimya kimya, na wananchi huipata habari yake siku ambayo mambo yamekwisha kuharibika.

Sasa basi, iko elimu ya kulifikisha jicho mahali pale. Wataalamu huiita tomografia ya umeme. Jina ni geni, lakini wazo lenyewe si gumu. Kila aliyepigwa picha ya eksirei hospitalini anajua kwamba mfupa unaweza kutazamwa bila nyama kupasuliwa. Mwaka 1971 Mwingereza Godfrey Hounsfield alimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo kwa mashine iliyokusanya vipimo vya eksirei kutoka pande nyingi na kuviunganisha kuwa picha moja ya mkato wa ndani. Hesabu ya jambo hilo ilikuwa imefanywa mapema pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg hapa hapa Afrika, na wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Wahandisi wa viwanda walipoona hayo walijiuliza: ikiwa kichwa cha mtu chaweza kuonwa ndani, kwa nini bomba lisionwe?

Eksirei ina shida zake kiwandani. Ni ghali, ina madhara kwa wafanyakazi, na yataka ulinzi mkali. Umeme mdogo hauna madhara hayo. Na jambo la kuwatumia umeme kuona ndani ya kitu watu wa Singida wamekwisha kulishuhudia, hata kama hawakuliita kwa jina hilo. Mtaalamu wa maji anapotafuta mahali pa kuchimba kisima katika nchi ile kavu yenye mawe ya matale, hupigilia vigingi vya chuma ardhini, akapitisha umeme kati ya viwili na kupima nguvu yake kati ya vingine. Mwamba mkavu hukataa umeme kupita. Mwamba uliopasuka na kushika maji huupitisha. Kutokana na tofauti hiyo mtaalamu hukisia maji yaliko. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio ya namna hiyo tangu mwaka 1912. Tomografia ya umeme katika bomba ni ndugu wa kazi hiyo. Badala ya vigingi kupigiliwa ardhini, vipande vya chuma hupangwa kulizunguka bomba kama pete.

Vipande hivyo huitwa elektrodi, na pete yote ndiyo kihisi. Katika miaka ya 1980 wahandisi wa chuo cha teknolojia cha Manchester, kilichojulikana kwa jina la UMIST, walitengeneza kihisi cha elektrodi 8 kwa ajili ya kutazama mafuta na gesi vikipita pamoja katika bomba. Huko Marekani nako, katika miaka hiyo hiyo, watafiti wa serikali mjini Morgantown walitazama kwa njia hiyo punje za vitu vikichemka kwa hewa ndani ya tanuri. Mwaka 1999 kazi hizo zilikuwa zimeenea kiasi cha kufanyiwa mkutano wake wa kwanza wa dunia, mjini Buxton, Uingereza.

Tunaomba radhi kwa msomaji ikiwa tutaingia kidogo katika ufundi wenyewe, kwa sababu hoja yetu yote imesimama juu ya ufundi huo. Hewa, mafuta na maji havifanani mbele ya umeme. Tukiipa hewa tarakimu 1 katika uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, mafuta ya kupikia hupata kama 3, na maji hupata karibu 80. Elektrodi mbili zikiwekwa pande mbili za bomba, kiasi cha chaji kinachohifadhika kati yake hutegemea kilichopo katikati. Elektrodi moja hupewa umeme na nyingine zote husikiliza. Kisha inayofuata hupewa umeme, na hivyo hivyo hadi kila jozi ipimwe. Elektrodi 8 hutoa vipimo 28, elektrodi 12 hutoa 66, na elektrodi 16 hutoa 120. Kompyuta huvichukua vipimo hivyo na kuchora picha ya mkato wa bomba: hapa gesi, hapa mafuta, hapa maji. Mitambo mizuri huchora picha zaidi ya 100 kwa sekunde moja.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Ugumu wa elimu hii haumo katika wazo, umo katika kuunda kihisi chenyewe. Chaji inayopimwa kati ya elektrodi zilizo mbali ni ndogo kuliko sehemu moja ya trilioni ya faradi, ambayo ndiyo kipimo cha mambo hayo. Mkono wa mtu ukikaribia, kipimo huharibika. Kwa hiyo pete ya elektrodi hufunikwa kwa ngao ya chuma iliyounganishwa na waya wa ardhi. Miisho ya pete huwekewa elektrodi za ulinzi ili umeme usitawanyike kufuata urefu wa bomba. Elektrodi zikiwa ndefu, hupata ishara yenye nguvu, lakini picha huwa ya wastani wa urefu wote ule. Zikiwa fupi, picha huwa ya mahali pamoja lakini ishara hudhoofika. Zikiongezwa idadi, vipimo huongezeka, lakini kila moja huwa nyembamba na sauti yake hufifia. Kila uamuzi una faida na hasara, na hakuna uamuzi mmoja unaofaa kila chombo.

Tangi la plastiki, kama yale yaliyoenea katika vinu vidogo, laweza kuvishwa elektrodi kwa nje, kwa sababu plastiki huuruhusu umeme kupita. Bomba la chuma hulizuia jicho hilo kabisa. Humo elektrodi hazina budi kuwekwa ndani, juu ya utando usiopitisha umeme, au kipande cha bomba la plastiki ngumu au cha kauri kifungwe kati ya flanji mbili. Tangi refu lililosimama lataka elektrodi zilizopangwa safu kwa safu toka chini hadi juu, ili zioneshe tabaka za mashapo, maji na mafuta. Na pale ambapo maji yenye chumvi ndiyo mengi, njia ya kupima chaji haifai. Hapo hutumiwa ndugu yake, njia ya kupima ukinzani, ambayo elektrodi zake hugusa maji yenyewe, na ambayo huharibika endapo mafuta yatazipaka utando.

Tunayaeleza haya ili viongozi wetu waone jambo moja lililo wazi. Kihisi hakinunuliwi dukani kama balbu. Hushonwa kama nguo, kwa kipimo cha aliyekivaa. Aliye mbali hawezi kujua kwamba matangi ya Mandewa ni ya plastiki, kwamba umeme wa hapo hupanda na kushuka, kwamba mafuta hutiwa yakiwa ya moto, kwamba vumbi la mashudu huingia kila mahali. Anayeyajua hayo ni fundi wa pale pale, na ndiye anayepaswa kuwa mmoja wa waundaji.

Zipo hoja dhidi ya rai yetu, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza husema kwamba nchi yenye upungufu wa maji, madawati na dawa haina sababu ya kuhangaika na picha za ndani ya mabomba. Tunajibu kwamba dawa na madawati hununuliwa kwa fedha, na sehemu ya fedha hizo hupita ndani ya mabomba hayo hayo. Mwaka 2016 taifa zima lilisikia mjadala wa mita za mafuta katika Bandari ya Dar es Salaam, pale ilipobainika kwamba kwa miaka kadhaa mita hizo hazikuwa zikitumika, na kiasi cha mafuta yaliyoingia nchini kilikuwa kikikadiriwa kwa kuzamisha kipimo ndani ya matangi. Wasomaji watakumbuka ufito wa Mandewa. Kumbe ufito ule ule, kwa sura kubwa zaidi, ulikuwa ukilipimia taifa kodi yake! Asiyeweza kupima hawezi kudai, na asiyeweza kudai hupewa anachopewa.

Hoja ya pili husema kwamba wenye mitambo watakuja na vipimo vyao. Hilo ni kweli, nasi hatupingi ununuzi wa mitambo kutoka nje. Tunapinga kununua kisanduku kilichofungwa, kinachotoa tarakimu tusizojua zimepatikanaje. Chukueni mfano wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Chongoleani, Tanga, mwaka 2017. Urefu wake umepangwa kuwa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, na mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa inayopitiwa. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na kwa hiyo bomba lilisanifiwa kupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 50 za sentigredi. Nta ikianza kujipaka ukutani mwa bomba, njia hupungua kama mshipa wa damu unavyozibwa na mafuta. Tomografia ya umeme ni mojawapo ya njia ambazo watafiti wamezijaribu katika maabara kwa ajili ya kutambua tabaka kama hizo. Hatusemi kwamba ndiyo njia pekee, wala kwamba inafaa kuwekwa kila kilomita. Tunasema kwamba nchi yenye bomba kama hilo ardhini mwake haina budi kuwa na watu wake wanaoweza kukaa mezani na kuuliza: kihisi hiki kimeundwaje, kinaona nini, na kinakosa kuona nini?

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo hutolewa na wataalamu wenyewe. Husema kwamba picha za umeme ni za ukungu. Eksirei husafiri kwa mstari ulionyooka. Umeme hujipinda kufuata kilichomo ndani, na kwa hiyo hesabu ya kuurudisha kuwa picha ni ngumu. Kitu kilicho kidogo kuliko takribani sehemu moja ya kumi ya upana wa bomba huweza kupotea kabisa, hasa kikiwa katikati ambako jicho hilo ni dhaifu. Haya yote ni kweli, na anayeuza mtambo bila kuyasema anadanganya. Lakini fundi wa Mandewa hahitaji kuona punje moja ya alizeti. Anahitaji kujua tabaka la mashapo limefika wapi. Mkaguzi wa bomba naye huhitaji kwanza kujua kama ndani ni gesi tupu, au gesi iliyochanganyika na maji. Zaidi ya hayo, pete mbili za elektrodi zikiwekwa kwa umbali unaojulikana, povu lililoonwa na pete ya kwanza huonwa na ya pili baada ya muda mfupi. Muda huo hutoa mwendo, na mwendo ukizidishwa kwa eneo hutoa kiasi kinachopita. Picha ya ukungu inayotoa jibu la swali lililoulizwa ni bora kuliko giza.

Na wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Alfred Mwambela wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliifanyia kazi pamoja na wenzake wa Bergen, Norway, na mwaka 2001, yeye na Geir Anton Johansen walichapisha majaribio yao ya kupima sehemu za mafuta, gesi na maji katika bomba kwa kutumia tomografia ya umeme. Utafiti wa namna hiyo uliendelea baadaye kwa kushirikisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Kwa hiyo mbegu tunayo, tena iliyoota katika udongo wetu. Tunachokosa ni njia ya kutoka maktaba hadi kinuni. Makala ya msomi husomwa Bergen na Manchester, na fundi wa Mandewa, ambaye angefaidika nayo kesho asubuhi, hajui kwamba iliandikwa. Kosa hili si la msomi wala la fundi. Ni kosa letu sote kama taifa, kwa kutoweka mtu wa kusimama kati yao.

Kwa hiyo gazeti hili linatoa mapendekezo manne.

Kwanza, meza ya kazi ianzishwe Singida, kwa ushirikiano wa VETA, SIDO na vyuo vikuu vyetu, yenye tangi moja la plastiki, kipande cha bomba, na vifaa vya kuundia vihisi. Elektrodi zaweza kukatwa kutoka bati jembamba la shaba linalopatikana kwa mafundi wa umeme. Sehemu iliyo ngumu ni saketi za kupimia, na hizo ndizo kazi ya vijana wetu wanaomaliza masomo ya elektroniki na kukaa bila ajira. Wapewe tatizo la kweli, lenye tangi la kweli na wanunuzi wanaosubiri na madumu yao.

Pili, meza ya namna hiyo iwekwe Zanzibar, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, na kazi yake ya kwanza iwe kile chombo cha mafuta na maji cha kiwanda cha makonyo. Vijana wa Unguja na Pemba wasisubiri hadi mafuta ya baharini yapatikane ndipo waanze kujifunza kupima. Atakayeanza kujifunza siku ya karamu atahudumia, hatakula.

Tatu, kila mkataba wa bomba, tangi au kiwanda kikubwa unaohusu mali ya umma uwe na kifungu kinachotaka michoro ya vihisi na vipimo vyake ghafi viwe wazi kwa wataalamu wa Serikali, na si ripoti iliyokwisha kuchujwa tu. Shirika la Maendeleo ya Petroli, mamlaka za udhibiti za Bara na Visiwani, na Wakala wa Vipimo wawe na watu waliofundishwa kuvisoma. Fedha za mafunzo zinazotajwa katika mikataba zitumike kwa mafunzo ya namna hii, si kwa safari za wiki mbili ambazo mtu hurudi nazo na cheti na picha.

Nne, taasisi zetu za viwango, TBS kwa Bara na ile ya Zanzibar, zianze mapema kuandika masharti ya usalama. Umeme, hata ukiwa mdogo, haupelekwi ovyo karibu na gesi. Kihisi kisichounganishwa vema na ardhi, au kilichowekwa na asiyejua, chaweza kuleta cheche mahali ambapo cheche moja ni msiba. Haraka ya kutaka kuona isitufanye vipofu wa hatari.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha za kutisha. Yanahitaji uamuzi, na yanahitaji kiongozi atakayekubali kwamba jambo dogo la kinu cha alizeti na jambo kubwa la bomba la gesi ni jambo moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee wetu. Na anayetegemea jicho la nduguye huongozwa atakakopelekwa na huyo nduguye, hata kama njia ni yake mwenyewe. Tumekwisha kujenga mabomba, na tutajenga mengine. Tumechimba gesi, na yamkini tutachimba zaidi. Haitakuwa heshima kwa taifa huru kuwa mwenye bomba ni sisi, mwenye ardhi ni sisi, mwenye bahari ni sisi, lakini mwenye kujua kinachopita ndani ni mwingine.

Tulipoagana na fundi wa Mandewa, jua lilikuwa likishuka na mashine ikiwa bado kimya. Tulimuuliza angetaka kusaidiwa nini kwanza. Hakuomba mkopo wala mashine mpya. Alisema angependa tu kujua, kabla ya kufungua koki, ni nini kitakachotoka. Tunaona kwamba ombi hilo ni la haki, na kwamba mwananchi wa Unguja, Pemba, Mafia na Songo Songo anayo haki ya kuomba jambo lilo hilo kwa mabomba yote yanayobeba mali yake. Tunangoja kuona ni ofisi ipi itakayokuwa ya kwanza kumjibu.